Masharti ya Kuingia Barazani kwa Bi Mwantumu

Yule mgeni alipotamka kwamba amekuja kusoma dua kwenye kaburi la baba yake, uwanja mzima uliangua kicheko. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele waliweka nyungo chini. Wapishi waliacha miiko ndani ya masufuria. Hata Yassin, mdogo wake marehemu, mtu wa kununa tangu utoto wake, alijifunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanamtikisika. Ilikuwa siku ya arobaini ya mzee Dadi. Watu walikuwa wamekuja kwa mitumbwi na boti kutoka visiwa vya jirani, wengine wametoka Kibiti mjini, na wote walilitarajia jambo moja: Bi Mwantumu, mtani wa marehemu, hawezi kuiacha arobaini ipite kavu.

"Mtani safari hii kafunga kazi," mwanamke mmoja alisema. "Kamleta na mtoto kabisa."

"Tena kamtafuta mwenye masikio ya Dadi."

"Muulizeni mama yake kabaki wapi, au bado anakanda udongo?"

Mgeni alikuwa kijana wa umri wa miaka thelathini hivi, kanzu yake ina mikunjo ya kukaa kwenye mfuko, kiroba cha mchele begani, viatu mkononi kwa sababu ya tope la mikokoni. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja. Kisha akasema tena, polepole, kama mtu anayedhani hakusikika vizuri.

"Naitwa Faraji. Nimetoka Mbwara. Kama inafaa, ningependa kwanza kumsalimia mama mkubwa."

Hiyo mama mkubwa ndiyo iliyowamaliza. Zaitun, mjane wa Dadi, alikuwa ndani kwenye eda, nyuma ya pazia, na hakuna mwanamume wa kando aliyeruhusiwa kumwona mpaka siku zake ziishe. Mtoto wa mumewe ndiye angeweza kuingia bila shida. Watu waliona huo ni utani uliopangwa na mtu mwenye akili zake, utani wa kumwingiza mgeni mpaka chumbani kwa mjane. Shehe mwenyewe alikohoa akageukia upande wa minazi.

Bi Mwantumu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, kifuu cha nazi mkononi, na mkono ulikuwa umesimama kukuna. Alimtazama yule kijana tangu utosini mpaka kwenye tope la miguuni. Hakumjua. Hakumtuma. Hajapata kumtia machoni.

Ili lieleweke lililomshtua, ni lazima lisemwe alilolifanya siku ya mazishi. Ukoo wa kina Mwantumu na ukoo wa kina Dadi ni watani tangu kwa mababu. Mtani ndiye anayekuja msibani kufanya yale ambayo wafiwa hawawezi. Anatoa amri, anaiga sauti ya marehemu, anamsingizia wizi na uchoyo maiti yake ikiwa bado ndani, anaziba mlango mpaka apewe jogoo. Mfiwa haruhusiwi kukasirika, na akikasirika ndiyo kwanza anaongezewa. Katika delta yote hapakuwa na mtani kama Bi Mwantumu. Alikuwa mtu wa kuokota miendo ya watu kama wengine wanavyookota kuni. Akikuona ukitembea mara moja, mwendo wako ameshaufunga mzigo amekwenda nao nyumbani, na siku akiuhitaji anaufungua.

Basi siku ile alivaa koti la kaki la Dadi na kofia yake, akashika mkongojo wake, akakaa kwenye kiti chake mlangoni, akasema kwa ile sauti ya puani ya Dadi: "Nyie mnaonililia, kwani hamjui kwamba nina mke Mbwara? Mfinyanzi. Mguu mmoja mfupi, akitembea utasema anatwanga. Kila nikiwaaga kwamba naenda Utete kwa daktari wa macho, nakwenda kumkandia udongo. Na kijana nimezaa naye, masikio yangu haya haya." Akasimama akatembea mwendo wa huyo mke. Zaitun, machozi hayajamkauka, alicheka mpaka wanawake wakamshika asianguke.

Nasra, mjukuu wa Bi Mwantumu, alikuwepo na simu yake akarekodi. Nasra ana duka la steshenari pale Kibiti, anachapa na kutoa kopi, na ndiye aliyemfungulia bibi yake blogu inayoitwa Barazani kwa Bi Mwantumu. Bibi anasema, yeye anaandika. Mwanzoni Bi Mwantumu alikataa, kwa sababu kukataa ndiko anakoanzia kila jambo. Nasra alipomwambia kwamba watu wa delta waliohamia mjini wanasoma na wanalia kwa kucheka, alikubali kwa sharti kwamba asifanywe kama hajui kusoma. Alisoma darasa la kisomo cha watu wazima, akafika mpaka kuandika jina lake, na anasoma kila kitu mwenyewe, kwa kidole, silabi baada ya silabi, mtu akimsaidia neno anaanza upya tangu juu. Tangu hapo akikutana na mtu njiani hamuulizi habari. Anamuuliza, "Umenisoma?"

Huyo ndiye aliyesimama kutoka kwenye mbuzi siku ya arobaini akasema, "Acheni. Simjui huyu mtu."

Wakazidi kucheka.

"Nimesema simjui."

"Haya, Dadi, mkane mwanao," Yassin alimjibu huku akifuta macho. "Mtani, we si mtu wa kawaida."

Maisha yake yote Bi Mwantumu alikuwa na uwezo wa kuwachekesha watu wale wakati wowote anaotaka. Ilikuwa mara ya kwanza anataka wanyamaze, na hakuwa na kitu cha kuwanyamazishia. Kila neno la kweli alilolitoa walilipokea kama sehemu ya mchezo. Akainua mkono, wakacheka ule mkono. Akamwendea kijana amshike bega, wakapiga vigelegele kwamba baba na mwana wamekutana.

Ni machozi ya Faraji yaliyowanyamazisha. Hakulia kwa sauti. Alitua kiroba, akakaa juu yake, machozi yakawa yanamtoka na yeye anatazama mbele tu. Walioko karibu naye walinyamaza kwanza, kisha wa kati, na nyuma kule jikoni mtu mmoja akaendelea kucheka peke yake mpaka akaguswa.

Bi Mwantumu alimchukua uani, nyuma ya banda la kuku.

"Nani kakupa habari hizi?"

"Nimesoma, bibi."

"Umesoma wapi?"

Faraji alitoa simu. Bi Mwantumu aliishika mbali na macho, akaweka kidole. Juu paliandikwa kwa herufi kubwa: MZEE WA DELTA AFARIKI NA SIRI YA MKE WA MBWARA. Chini yake yalikuwa maneno yake, neno kwa neno. Mke, mguu, udongo, daktari wa macho, kijana mwenye masikio. Nasra alipoandika kwenye blogu alianza na mstari usemao, bibi alivaa koti la marehemu akasema hivi. Mstari huo hapa haukuwepo. Koti lilikuwa limekatwa. Wala hapakuwa Barazani kwa Bi Mwantumu pale. Palikuwa na jina la ukurasa wa watu wa Dar es Salaam ambao yeye hawajui nao hawamjui. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Maneno yalikuwa ya kwake na hayakuwa na hata chembe ya kicheko. Ukiyasoma hivyo, Dadi alikuwa mwongo kwelikweli na Zaitun mwanamke aliyechezewa maisha yake yote.

"Ni utani, mwanangu," alisema.

"Imeandikwa wapi kwamba ni utani?"

"Haiandikwi. Inajulikana."

"Mimi sikujua."

"Kwani kwenu hakuna watani?"

"Wapo. Wakija msibani tunawaona wamevaa nguo za maiti. Hapa nimwone nani, bibi? Kuna maandishi tu." Akairudisha simu mfukoni, kisha akauliza kitu alichokuwa amekuja nacho kutoka Mbwara, na sauti ikabadilika. "Na mguu wa mama yangu umeujuaje?"

Bi Mwantumu alisema hakuna mguu wa mtu yeyote, kila kitu alikitunga. Faraji akamweleza. Mama yake aliitwa Biasha binti Muhidini, mfinyanzi, mguu wake wa kushoto mfupi tangu kuzaliwa. Alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Hakuwahi kumwambia mwanawe baba yake ni nani. Alichokisema ni kwamba ni mtu wa maji chumvi, basi, na ukimuuliza zaidi anaingia ndani. Faraji aliacha kuuliza, akauliza tena, akaacha. Alipozikwa mama, alijua kwamba jibu limeingia naye kaburini. Halafu rafiki yake mmoja anayefanya kazi mjini akamtumia ile habari, na chini akaandika: huyu si mama yako?

"Nilivuna, nikapepeta, nikachagua mchele ulio mzuri," Faraji alisema. "Nikasema siendi kwa baba mikono mitupu, hata kama yuko chini ya udongo."

Wakati anasema hivyo, Bi Mwantumu alikuwa tayari amemwona yule mwanamke. Alimjia mzima. Miaka ya nyuma alikwenda Mbwara kwenye harusi ya mpwa wake, wakamwelekeza kwa mfinyanzi anunue chungu. Mfinyanzi akamwongoza kwenye kijia kwenda alikoanika vyungu, yeye mbele, Bi Mwantumu nyuma, na njia nzima Bi Mwantumu alikuwa anautazama ule mwendo, anauokota. Hakumuuliza jina. Walipatana bei, akabeba chungu, akaondoka. Siku ya mazishi ya Dadi alitaka mwendo wa mke, akafungua mzigo wake, akatoa ule.

Alijishikiza kwenye nguzo ya banda.

"Mama yako nilimwona," alisema. "Mara moja. Nilinunua chungu."

Uso wa Faraji ukafunguka. "Na baba?"

"Baba nilimtunga."

Kuku walikuwa wanapekua miguuni mwa kijana. Kisha akauliza tena, kwa adabu ileile, kama mtoto wa madrasa anayeomba arudiwe somo. "Yaani Dadi hakumjua mama yangu?"

"Dadi hakufika Mbwara maisha yake yote. Hata macho hayakuwa yakimuuma. Alikuwa anaona kamba chini ya maji."

Habari ilikuwa imeshaingia ndani. Zaitun aliwaita. Wakakaa ukumbini, Yassin kwenye kiti, shehe kwenye mkeka, Faraji mlangoni, Bi Mwantumu mbele ya pazia, na nyuma ya pazia ilisikika sauti ya mjane.

"Baba wewe wa Mbwara, pole kwa safari. Ulikuja kutaka nini kwetu? Shamba?"

"Hapana, mama. Jina."

"Jina gani?"

"Naitwa Faraji Muhidini. Muhidini ni babu yangu, baba wa mama. Shuleni niliandikwa hivyo kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuandikwa. Nilitaka nipate la baba. Shamba ninalo."

Yassin aliinamisha kichwa. Ndiye aliyecheka kupita wote, na sasa hakujua aiweke wapi kofia yake. Alisema kwa upole kwamba kaka yake alikuwa mtu wa hapa hapa, na kama angekuwa na mtoto nje, watu wa hapa wasingeweza kulificha jambo hilo hata wiki moja. Shehe akasema dua ni dua, kijana anaweza kumwombea marehemu yeyote Mwislamu. Faraji akaitikia ndiyo, ndiyo.

"Mtani," Zaitun aliita.

"Nipo."

"Mume wangu mseme, ni haki yako. Mimi niseme nikiwa humu humu na kaniki yangu. Wewe nami tunajuana. Sasa nakuuliza, yule mama wa Mbwara ni mtani wako?"

Bi Mwantumu alilitazama pazia. "Si mtani wangu."

"Aliwahi kukuruhusu umcheze?"

"Hakuniruhusu."

"Basi ule kwake haukuwa utani. Ni tusi. Umemtukana mwanamke aliyekufa, mbele ya watu wote hawa, nami nimecheka. Mimi nitamwomba mwanawe radhi kwa kicheko changu. Mwanangu, niwie radhi. La maneno mwenyewe yuko hapo."

Wote wakamtazama Bi Mwantumu. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa kisiwa kile sheria ya utani, nani anamtania nani na mpaka wapi, na sasa sheria yake inasomwa juu yake na mwanamke aliye kwenye eda, ambaye hata uso wake haonekani. Bi Mwantumu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Aliwahi kugombana na dada yake wa tumbo moja kwa sababu ya kinu, na dada akafa kinu bado kinasemwa. Aliwahi kusimama kwenye kikao cha kijiji akakataa kumwomba radhi mwenyekiti kwa kumwita mzembe, akatozwa jogoo, akatoa jogoo na kumwita mzembe tena.

"Sikumtaja jina," alisema.

"Walimjua bila jina," Faraji alijibu.

Bi Mwantumu aliinuka akatoka. Wali wa arobaini ulipakuliwa, yeye hakuosha hata mikono. Mtani kukataa wali wa arobaini, hilo nalo wazee hawakupata kuliona.

Asubuhi alimkuta Nasra kwenye gati. Pale ndipo mtandao unaposhika, ukisimama mwishoni kabisa na kugeukia upande wa bara. Faraji alikuwa amekaa mbali kidogo, anasubiri maji yajae boti iondoke. Kiroba hakuwa nacho. Zaitun alikuwa amekataa kirudi, akaagiza mchele upikwe, na dua ya Biasha binti Muhidini ikasomwa alfajiri pamoja na ya Dadi.

"Nafuta, bibi," Nasra alisema. "Naifuta ile habari, tunaomba Mungu yaishe."

"Usifute."

"Bibi."

"Mtu akitema mate uwanjani akafagia, waliomwona walimwona. Na yule wa Dar atafuta?"

Nasra alikuwa ameshamwandikia. Alisoma jibu: habari ikishaingia mtandaoni ni ya wote.

Bi Mwantumu alimtaka arudie. Nasra akarudia. "Ya wote," Bi Mwantumu alisema. "Alikuwepo? Aliniona nikivaa lile koti? Aliniletea jogoo?"

"Kosa ni letu pia. Hatukuweka masharti ya matumizi."

"Yapi hayo? Yale ya redioni?"

"Hayo hayo. Vigezo na masharti."

"Yanayosemwa mbio mbio mwishoni ili mtu asisikie?"

Nasra alitafuta mfano kwenye simu akamsomea. "Kwa kuingia kwenye tovuti hii, unakubaliana na masharti yafuatayo."

"Anakubali kabla hajaambiwa? Hata mke huulizwa kwanza ndipo ndoa ifungwe."

"Ndivyo wote wanavyoandika, bibi."

"Endelea."

"Mmiliki wa blogu hatawajibika kwa hasara, usumbufu au madhara yoyote yatakayompata mtu kutokana na maudhui haya."

"Mmiliki ni nani?"

"Ni wewe."

Bi Mwantumu aligeuka akamtazama Faraji, aliyekuwa anakwangua tope kavu kwenye viatu vyake kwa kijiti. Alimtazama muda mrefu. Kwamba kuna mtu aliyekaa mahali akaandika maneno kama yale, na watu duniani kote wakayanakili bila aibu, lilimshangaza kuliko lile la Dar.

"Futa hilo," alisema. "Andika mmiliki atawajibika."

"Bibi, hakuna anayeandika hivyo. Watakushtaki."

"Waje. Boti zipo."

Wakaanza. Bi Mwantumu alisema, Nasra akaandika, na walibishana kila mstari. Aliyekuja barazani apige hodi, yaani asome kwanza haya mpaka mwisho, ndipo afunguliwe. Nasra akasema hilo linawezekana, kuna kitufe. Ajue kwamba humu mna utani, na utani si habari, wala si ushahidi wa mahakamani. Anayetaka kuchukua maneno yangu achukue na koti, akiacha koti ameiba. Nasra akauliza wasomaji wataelewaje koti. Bi Mwantumu akasema basi weka yote, mwanzo na mwisho na nani alisema na wapi, lakini koti libaki. Anayetaka kunitukana aseme kwanza ni wa ukoo gani. Kama ni mtani, karibu, matusi yake nitayajibu kwa riba. Kama si mtani, apite zake.

"Na wewe?" Nasra alimuuliza.

"Mimi vipi?"

"Masharti yako."

Boti ya nahodha Sufiani ilikuwa imeanza kuinuka kwenye maji. "Andika: mimi mwenye baraza, mwendo wa mtu asiye mtani wangu siutoi mbele za watu bila kumuuliza. Akiwa amekufa namuuliza mwanawe."

Faraji alikuwa amesogea. Amesimama nyuma yao na viatu vimeshavaliwa.

"La mama yangu mmeliweka wapi?" aliuliza.

"Tulikuwa tunalifikia," Bi Mwantumu alisema.

"Msilifute. Mkilifuta, kutabaki la watu wa Dar peke yake. Andika jina lake lote. Andika kwamba hakuwa mke wa siri wa mtu."

Nasra akaandika, Faraji akisimamia: Biasha binti Muhidini wa Mbwara, mfinyanzi, hakupata kumjua mzee Dadi. Aliyeusema mguu wake alimwona mara moja alipokwenda kununua chungu, wala hakumuomba ruhusa. Hapo vidole vya Nasra vilisimama. Akamtazama bibi yake. Faraji naye akamtazama.

Bi Mwantumu alinyosha mkono akaichukua simu. Alitafuta herufi moja, akaibonyeza. Akatafuta nyingine. Akakosea, akamuuliza Nasra kifutio kiko wapi, akaonyeshwa, akafuta nyingi kupita kiasi, akaanza upya. Nasra alipotaka kumsaidia alimsukuma kwa kiwiko.

"Bibi, tutakosa maji ya mlango wa mto," Sufiani aliita kutoka kwenye boti. "Tutalala kwenye tope na abiria wote hawa."

"Lala."

Alipomaliza alimgeuzia Faraji kioo cha simu. Faraji akasoma.

"Nimeliona," alisema. "Sasa nataka kulisikia."

"Si umesoma?"

"Kusoma nimesoma sana, bibi. Kusoma ndiko kulikonileta."

Abiria wote walikuwa wanatazama. Yassin alikuwa amekuja kumsindikiza mgeni, na wanawake wa jikoni walikuwa wamesimama juu kwenye mchanga. Bi Mwantumu aliirudisha simu karibu, akaweka kidole chini ya neno lake mwenyewe, na akalisoma kwa namna anavyosoma kila kitu, silabi baada ya silabi. Ni. Sa. Me. He. Sauti haikuwa ya puani wala ya mtu mwingine yeyote. Wale waliozoea kumsikia akisema kwa midomo ya watu waliangaliana. Hawakujua kama ana sauti ndogo namna ile.

Faraji aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nimesikia," alisema. "Kusamehe nitaangalia." Akampa Yassin mkono, akapanda boti.

Ilipopotea nyuma ya mikoko, Nasra aliuliza kama aiweke hewani.

"Weka masharti," Bi Mwantumu alisema. "Mengine yote funga. Baraza halifunguliwi mpaka mtu wa Mbwara ajibu."

Nasra alidhani ni hasira za siku moja. Alikuwa bado hamjui bibi yake. Mpaka leo ukiingia Barazani kwa Bi Mwantumu unayakuta masharti, na chini yake jina la Biasha binti Muhidini na lile neno moja lililoandikwa kwa kidole cha mzee, halafu basi, hakuna kitufe kinachofungua. Wasomaji wanalalamika. Nasra anapiga simu kusema kwamba watu wanahamia kurasa nyingine. Bi Mwantumu anamwambia kwamba mwenye baraza mwenyewe yuko nje, sasa hao wageni wana haraka ya nini.

Kila maji yakijaa anateremka gatini, anasimama mwishoni, anageukia bara.

Juzi iliingia meseji kutoka Mbwara. Aliisoma kwa kidole pale pale, jua likimpiga kisogoni. Faraji alikuwa ameuliza: siku ile uliponunua chungu, mama yangu alikuwa amevaa nini? Bi Mwantumu alikaa chini kwenye mbao za gati. Akafumba macho, akakiita kile kijia cha Mbwara, na safari hii hakutazama miguu. Akampigia Nasra amwandikie kwamba alikuwa amejifunga kanga moja kiunoni, ya kijani, imepauka, na nyingine kajitwisha kichwani kwa ajili ya jua, na kwamba alipofika kwenye vyungu aligeuka akacheka, kwa sababu kitoto kidogo kilikuwa kimelala ndani ya kapu la majani pembeni, na kuku alikuwa amelala nacho.

Nasra aliandika akatuma. Kisha akauliza, "Bibi, hili si ndilo jibu? Nifungue?"

"Hajajibu. Ameuliza," Bi Mwantumu alisema. "Acha pafungwe."